Karama na Mkono wa Mwalimu

Kijana wa Awendo, katika Migori, nyumbani kwa klabu ya soka ya SoNy Sugar iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2006, au wa shule ya Agoro Sare kule Oyugis, Homa Bay, aliyejaaliwa na Mola shuti kali, anapofundishwa kuusimamisha mguu usiopiga kando ya mpira, kukaza kifundo na kuuinamia mpira usipae, je, hupewa kitu kipya, au hufunguliwa tu karama aliyozaliwa nayo? Naamini kwa dhati kwamba taalimu nayo ni katika majaaliwa. Hata Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015, alikuwa na walimu, ingawa hawakumjua. Na mkufunzi amkatazaye kijana mguu wake wa kushoto, kwa mazoea tu, namwona ameifanyia amana khiana.