Ng'ombe kwa Kesi ya Kuku

Ukitaka kuisoma wilaya ya Same maktabani, jiandae kutembea. Historia ya watu wake, Wapare, iko kwenye rafu ya mwanahistoria Isaria Kimambo. Malaria ya tambarare za Gonja na Kisiwani iko kwa madaktari. Maji ya Makanya yamo kwenye jarida la fizikia na kemia ya dunia. Vifaru wa hifadhi ya Mkomazi wako kwa wanaikolojia, na wafugaji walioondolewa humo mwaka 1988 wako mbali nao, kwa watu wa sayansi ya jamii. Wilaya ni moja, na mkulima wa Vudee hajui kwamba anaishi kwenye rafu tano.

Sina ugomvi na kugawana kazi. Aliyetumia miaka kumi kumjua mbu hatudai amjue pia mfumwa, yaani mtawala, wa Ugweno na wazee wake. Ninalolitafakari ni kwamba kila taaluma ina mahali pake pa kuachia swali. Mwanafizikia huachia hesabu zinapokubaliana, daktari mgonjwa anapoinuka, mwanahistoria mashahidi wanapokwisha, mwalimu mtihani unapopita. Na mradi, wowote ule, huachia fedha zinapoisha. Wapare hutaniwa nchi nzima kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Watu hucheka, nami hucheka, lakini sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi ya utafiti. Mwenye kesi hatafuti nyama; anataka kujua haki iko wapi, na hakubali faili lifungwe kwa sababu gharama imezidi thamani ya kuku.

Chukua ndiva. Upareni ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito. Wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba, na maji yake yakiachwa yatiririke moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo, ardhi huyanywa yote njiani na shamba la mwisho halipati hata tone. Kwa hiyo maji huzuiwa usiku. Asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yaliyokusanyika kwa saa nyingi hutoka kwa muda mfupi na kwa nguvu, na kwa nguvu hiyo hufika mbali kuliko ambavyo yangefika yakichuruzika mchana kutwa. Hiyo ni fizikia, ingawa waliochimba ndiva za kwanza hawakuiita hivyo. Mwaka 2007 Hodson Makurira na wenzake walichapisha uchunguzi wa ndiva moja ya Upare Kusini, ile ya Manoo: maji yanayoingia, yanayopotea mferejini, yanayofika shambani. Mwenzao Marloes Mul aliyafuata maji ya bonde lote la Makanya kwa kupima kemia yake, ili ajue yapi yametoka kwenye mvua ya jana na yapi yamekaa ardhini muda mrefu. Vipimo vyao vilikuwa tayari bondeni tarehe 1 Machi 2006, siku mvua ilipofikia milimita 100 ndani ya saa tatu na korongo likashuka na kila kilichokuwa mbele yake.

Kabla ya hapo, upande wa pili wa maktaba, mwanaanthropolojia Michael Sheridan alikuwa ameandika mwaka 2002 kuhusu Upare Kaskazini kwamba banio la mfereji lilifikiriwa kama tumbo la uzazi. Maji, mvua, mimba na unyago vilikuwa katika fikra moja. Aliyetaka kujua kwa nini mfereji unakauka hakuangalia udongo peke yake. Aliangalia pia mwenendo wa watu.

Hapa ndipo msomi muungwana husema kwamba wote wako sahihi, kila mmoja kwa upande wake, kisha anaagiza chai. Jibu hilo silikubali. Ni la kuwafurahisha wageni. Mfereji ambao haukusafishwa kwa sababu watu wamenuniana na hawakutokea kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, huvuja sawasawa na mfereji uliopasuka. Ugomvi wa zamu ni sehemu ya hesabu ya maji yanayopotea, ila hauna kipimo chake kwenye jedwali la mhandisi. Na nyufa za saruji ni sehemu ya ugomvi, ila mwanaanthropolojia hana futi ya kuzipimia. Mgawa maji wa kijijini huyabeba yote mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu asipoyabeba, saa kumi na mbili asubuhi atakuta watu na majembe wamesimama kwenye banio wakimngoja. Yeye hana ruhusa ya kuachia swali.

Mfano mzito zaidi ni wa tiba. Kati ya mwaka 1954 na 1959 tambarare za Upare upande wa Tanganyika, pamoja na Taveta upande wa Kenya, zilikuwa uwanja wa jaribio kubwa lililoongozwa na taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, Usambara. Nyumba zilipuliziwa dieldrini, sumu inayobaki ukutani kwa miezi. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikashuka nayo. Wadudu nao walitoa somo ambalo halikutarajiwa: mbu aina ya Anopheles funestus, anayependa kuingia ndani kumuuma mtu, alitoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake Anopheles rivulorum, anayependelea wanyama. Wataalamu wa wadudu waliandika hayo mwaka 1960, na kwao ni ugunduzi wa kudumu.

Kisha unyunyiziaji ukasimama. Swali la jaribio lilikuwa limepata jibu, maana ripoti iliandikwa na kuchapishwa. Malaria haikuisoma ripoti. Ilirudi polepole, kwa watu ambao miaka ile ya nafuu ilikuwa imewapunguzia kinga. Watafiti walirudi pia, na miaka 11 baada ya kusimamishwa kwa dawa walikuwa bado wanapima damu ili waone ugonjwa umefikia wapi. Siwaiti wabaya. Walichohesabu kilikuwa cha kweli, na wengine wao walilala kwenye vumbi la Kisiwani kwa ajili yake. Lakini swali la mama wa Gonja, kwamba je, mliotupa nafuu hii mna wajibu gani mnapoondoka, halikuwa kwenye fomu. Lilisubiri zaidi ya nusu karne mpaka mwanahistoria, Melissa Graboyes, alipolichukua katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu majaribio ya tiba Afrika Mashariki. Yaani swali lililoachwa na tiba liliokotwa na historia. Upana wa elimu nauelewa hivyo. Idara nyingi chini ya paa moja hazitoshi. Lazima pawepo mtu wa idara nyingine anayekwenda kuokota kilichoanguka.

Kuokota huko kuna hatari zake. Serikali ya kikoloni nayo ilichungulia mila za Wapare, ikakuta ushuru wa zamani waliopewa watawala wa jadi uitwao mbiru, ikalichukua jina hilo na kuivisha kodi mpya iliyopima mali ya kila mtu. Walidhani kodi ikiitwa kwa jina la nyumbani italipika. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaja kukaa Same, makao ya wilaya, kuikataa, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaingia katika mapambano hayo. Kodi ile hatimaye iliondolewa. Kujua mila ya watu ni utafiti. Kuitumia bila kuwauliza wenyewe ni kitu kingine, na watu wa milimani waliitambua tofauti hiyo mapema kuliko vitabu.

Aliyeiandika habari ya mbiru kwa kina ni Kimambo, mzaliwa wa Upare mwenyewe, aliyekuja kuwa profesa wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare tangu karne ya 16 hivi kilitoka mwaka 1969. Ikumbukwe ni wakati gani. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper wa Oxford alikuwa ametangaza kwamba Afrika haina historia ya kufundisha, ila ya Wazungu waliomo. Kimambo alikwenda kukaa na wazee, akawasikiliza wakitaja koo, jinsi Wasuya walivyowapindua Washana wahunzi kule Ugweno, na akalinganisha masimulizi ya ukoo huu na ya ule. Miongo kadhaa baadaye watu wa sayansi ya ardhi walichimba matope ya kinamasi cha Lomwe, Upare Kaskazini, wakapata kumbukumbu ya chavua na mashapo ya miaka 1400 hivi. Na wanaakiolojia wakaokota mavi ya chuma yaliyoachwa na wayeyushaji. Wazee walihesabu kwa vizazi, matope yanahesabu kwa kaboni. Sitaki kusema kwamba maabara imewathibitisha wazee, kana kwamba walikuwa wanangoja cheti. Ninachosema ni kwamba bila wazee, aliyeokota mavi hayo ya chuma asingejua aulize habari za nani.

Na fizikia yenyewe? Ukitoka Same kwenda kusini mashariki unafika Usambara, na huko, katika shule ya Magamba mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na kuchekwa. Aliuliza mara nyingine mbele ya Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na huyo akaenda kulijaribu. Makala yao ya mwaka 1969 ilitoka katika jarida la ufundishaji wa fizikia, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo au ni makosa ya kipimo. Kesi yake ya aiskrimu Mpemba aliiendesha kama Mpare wa kwenye utani. Ona pia kilichoamua hatima ya swali lile: haikuwa fizikia, ilikuwa darasa. Walimu wawili walilifunga, mmoja akalifungua. Ndiyo maana elimu ya ualimu, ambayo vyuoni huwekwa nyuma ya foleni, naiweka mbele ya taaluma nyingine zote.

Ombi langu kwa wanaopanda mlima Shengena na kushuka Makanya na madaftari yao ni dogo. Acheni ofisi ya kijiji kurasa mbili za Kiswahili: mmepata nini, na swali gani mmeliacha. Acheni nakala nyingine katika sekondari iliyo karibu, na walimu wa fizikia, biolojia na historia wa Same waisome na wanafunzi wao katika wiki moja, kila mmoja katika kipindi chake. Sehemu ya swali lililoachwa ndiyo ya lazima zaidi, nayo huandikwa kwa aya moja.