Birika, Mlima na Zamu

Chini ya Jabal Akhdar, kwenye njia itokayo Muscat kwenda Nizwa, upo mji wa Birkat al-Mouz: birika la ndizi. Mgeni aonapo mitende na migomba chini ya mlima mkavu husema maumbile yamewakirimu wenyeji. Mwenyeji huenda akasema waliokirimu ni wahenga wake. Kila kauli ina nusu ya ukweli. Mlima una maji, lakini huyaficha ardhini. Watu walichimba Falaj al-Khatmeen kuyatoa, lakini hawakuweza kuulazimisha mlima utoe zaidi ya ulichojaaliwa na mvua. Maji hushuka kwa mteremko tu, na mashamba huishia yanapoishia maji.

Mfereji huo ni mmojawapo wa mitano iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mbali na ufundi, urithi wenyewe ni utaratibu: kunywa kwanza, kilimo baadaye, zamu zikapimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, chini ya usimamizi wa wakili.

Hapo ndipo penye swali: haki ya maji hutokana na kumiliki ardhi iliyo juu yake, au na kushiriki kuyatunza? Pampu zilizoenea tangu miaka ya 1970 zilishika jibu la kwanza. Katika pwani ya Batinah kila mwenye shamba alivuta kisimani mwake. Bahari ikapenya ardhini na mashamba mengi yakaharibiwa na chumvi. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu jirani. Ila azidishaye zamu kwenye mfereji huonekana. Avutaye kwa pampu hamwoni anayemnyima.

Hata hivyo, mfereji usitukuzwe kupita kiasi. Hisa zake hununuliwa na kurithiwa, na asiye na hisa hukodi. Tena mitende mingi ya Oman ilihudumiwa na watumwa, kama mikarafuu ya Unguja na Pemba; utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970 tu. Basi uzuri wa mandhari si ushahidi wa uadilifu wa walioitengeneza.

Kinachobaki ni wajibu. Aliyerithi kivuli cha mtende amerithi pia deni la mikono isiyotajwa katika hati yoyote, na kikomo kilichowekwa na mlima. Deni hilo halilipwi kwa sifa. Hulipwa kwa kuzibua mfereji, kuheshimu zamu, na kumwachia ajaye maji yasiyopungua yale yaliyokutwa.