Saa Moja ya Giza Katika Msimu wa Taa

Desemba inapofika Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, jua huzama kiasi cha saa kumi na dakika ishirini jioni, na halionekani tena mpaka saa mbili na robo asubuhi. Hapo katikati ni giza la karibu saa kumi na sita, na kwa kijiji kilichojibanza ufukweni giza hilo huja na upepo wa Atlantiki, manyunyu ya baridi na mawimbi yanayopiga kuta bila kuchoka. Mousehole ni kijiji cha namna hiyo. Bandari yake ni ndogo, imezungushiwa kuta za mawe zilizoacha mlango mwembamba wa kupitisha mashua. Msimu wa baridi ukikaza, wanakijiji hushusha magogo mazito ya mbao, moja juu ya jingine, wakauziba mlango huo ili bahari isije ikaingia na kuvunja mashua na nyumba. Watu walioishi kwa bahari miaka nenda miaka rudi hufika mahali wakaifungia mlango.

Na ndipo wanapowasha taa.

Mwaka 1963 mchoraji Joan Gillchrest alitundika waya wa balbu za rangi kwenye gati la zamani. Nia yake ilikuwa ndogo tu, kuchangamsha bandari wakati wa Krismasi. Wenzake wakapenda, wakaongeza. Miaka ikapita, bandari ikajaa maumbo ya taa: mashua, samaki, nyoka wa baharini anayeelea juu ya maji meusi. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari watu humiminika kutoka miji ya mbali, wakijipenyeza katika vichochoro ambavyo gari moja hupita kwa shida. Kwaya ya wanaume ya kijiji, iliyoanzishwa mwaka 1909, huimba nyimbo za Krismasi. Taa zenyewe zinaendeshwa kwa michango, na mikono inayozifunga ni ya watu wa kujitolea. Chumvi hula nyaya na dhoruba hupinda fremu, hivyo kazi ya kukarabati haiishi. Jirani hukalia kiti cha mbao wakati wenzake wanavinjari, akibadilisha balbu moja moja, halafu anarudi nyumbani bila kulipwa hata senti.

Mtu anayepita akiuliza taa zile zina maana gani, atapata jibu la haraka: zinaleta furaha, zinaleta wageni, zinaingiza pesa msimu ambao pwani nzima imelala. Jibu hilo ni la kweli. Ila halitoshi kueleza jambo linalotokea tarehe 19 Desemba kila mwaka. Usiku huo, ifikapo saa mbili, taa za bandari huzimwa. Giza hukaa kwa saa nzima. Saa tatu, taa huwashwa tena.

Tarehe 19 Desemba 1981 meli ya mizigo iitwayo Union Star ilikuwa katika safari yake ya kwanza, ikitoka Uholanzi kwenda Ireland na shehena ya mbolea. Ndani yake walikuwamo watu wanane: mabaharia watano, nahodha akiwa mmoja wao, halafu mke wa nahodha na mabinti zake wawili, waliopanda ili familia ile Krismasi pamoja. Maji ya chumvi yaliingia kwenye mafuta, injini ikazimika, na tufani ikaanza kuisukuma meli kuelekea kwenye miamba. Helikopta ya jeshi la majini ilifika ikashindwa kuwavuta watu, maana mlingoti wa meli ulikuwa ukiyumba huku na huku chini yake. Likabaki tumaini moja, boti ya uokoaji ya kituo cha Penlee, iliyohudumiwa na wanaume wa Mousehole. Boti hiyo, Solomon Browne, ilikuwa ya mbao, urefu wake mita 14 hivi. Upepo ulivuma kwa nguvu za kimbunga, na mawimbi yalikadiriwa kufika mita 18.

Waliojitokeza usiku ule walikuwa wengi kuliko waliohitajika. Nahodha wa boti, Trevelyan Richards, alichagua saba. Kijana wa miaka 17, Neil Brockman, alikuwa tayari kwenda, lakini baba yake alikwishachaguliwa, na nahodha akakataa kuchukua watu wawili wa nyumba moja. Yule kijana akabaki nchi kavu. Boti ikateremshwa majini saa mbili na dakika kumi na mbili usiku. Kwa zaidi ya nusu saa ilijaribu kuusogelea ubavu wa meli, ikitupwa na mawimbi, ikirudi, ikitupwa tena. Kwa redio waliarifu kwamba wamewapata watu wanne. Baada ya hapo redio ikanyamaza, na muda mfupi baadaye taa za boti zikatoweka. Watu wote 16, wa meli na wa boti, walikufa. Baadhi yao bahari haikuwarudisha kamwe.

Mmoja wa wanane wa boti alikuwa Charles Greenhaugh, mwenye baa ya Ship Inn pale bandarini. Siku chache kabla, ndiye aliyewasha taa za Krismasi za kijiji. Baada ya msiba taa zilizimwa, na nani angelaumu? Lakini siku tatu baadaye mjane wake, Mary, aliomba ziwashwe tena. Zikawashwa.

Ombi la mjane huyu ndilo kiini cha tafakuri hii. Lingetoka kwa mfanyabiashara au kiongozi wa mtaa, lingekuwa tusi kwa wafiwa. Uzito wake ulitokana na mwenye kulisema. Furaha ya jumuiya iliyofiwa haiwezi kuamriwa na asiyefiwa. Wapo walio na haki ya kuirudisha, nao ni wale waliopoteza zaidi ya wengine. Mary alikuwa na kila sababu ya kuona taa zile kama dhihaka, kwa kuwa mkono uliokuwa umeziwasha haukuwapo tena. Angeomba zisiwake milele, kijiji kingemtii. Yeye akachagua kwamba kifo cha mumewe kisije kikawa sababu ya watoto wa kijiji kukosa Krismasi.

Jumuiya iliyopigwa na msiba wakati wa sikukuu hukuta njia mbili rahisi mbele yake. Ya kwanza ni kuiachia huzuni msimu wote, ili kila Desemba iwe matanga yasiyokwisha. Ya pili ni kusonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea, wageni waje, nyimbo ziimbwe, majina yasahauliwe. Njia ya kwanza huwadhulumu walio hai, ya pili huwadhulumu wafu. Mousehole iliona njia ya tatu. Huzuni ilipewa saa yake, ikaheshimiwa ndani ya saa hiyo bila kuguswa, na saa ilipokwisha furaha ikapewa zamu. Wazee wetu wa pwani hawangeshangazwa na hekima hii. Tanga lina siku zake na siku ya kulianua, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Waliokadiria siku hizo walijua kwamba uchungu hauishi kwa kalenda. Walijua pia kwamba huzuni isiyo na wakati wake ama huenea kila mahali ikazima maisha, ama hupotea kimya kimya bila mtu kuitambua. Kuipangia muda ni kuihakikishia nafasi.

Tangu zamani tumeambiwa kwamba kilio cha wengi arusi. Wako wanaoichukua methali hii kama faraja nyepesi, kwamba ukilia na wenzako utasikia nafuu. Nadhani ina jambo zito zaidi. Kinachokifanya kilio cha wengi kifanane na arusi ni kazi inayozunguka vyote viwili: kuchota maji, kupika, kutandika majamvi, kupokea wageni, kukesha. Mikono ni ileile. Watu waliozoea kufanya kazi pamoja kwenye arusi hawahitaji kufundishwa namna ya kusimama pamoja kwenye msiba. Mousehole ilithibitisha hilo waziwazi. Ndani ya siku moja baada ya boti kupotea, watu wa kutosha walikwisha kujitolea kuunda kikosi kipya cha uokoaji. Neil Brockman, kijana aliyeachwa nchi kavu, baadaye naye akawa nahodha wa boti ya Penlee. Chama cha boti za uokoaji cha Uingereza, RNLI, kilichoanzishwa mwaka 1824, hadi leo huendeshwa kwa michango, na wengi wanaopanda boti zake ni wa kujitolea. Kujitolea kufunga balbu na kujitolea kuingia kwenye tufani ni mambo mawili yaliyo mbali kwa uzito, lakini chimbuko lake ni moja: mtu kuona kwamba jambo la kijiji ni jambo lake.

Siku nne tu baada ya saa ya giza, tarehe 23 Desemba, kijiji hichohicho husherehekea mkesha wa Tom Bawcock. Huyu ni mvuvi wa hadithi. Inasimuliwa kwamba majira fulani ya baridi dhoruba zilikaa siku nyingi, mashua hazikutoka, na njaa ikaingia nyumba kwa nyumba. Tom akatoka peke yake, akapambana na bahari, akarudi na samaki wa aina saba, kijiji kikala. Kwa ukumbusho wake huokwa pai ya samaki wa jamii ya dagaa, wakubwa kidogo, na vichwa vyao huachwa vimechomoza juu ya ukoko, macho yakitazama mbinguni. Kimila pai hiyo huliwa Ship Inn, baa ileile ya marehemu Greenhaugh.

Zitazame tarehe hizi mbili kwa pamoja. Tarehe 23 wanamwimbia mtu aliyeingia baharini kwenye tufani kwa ajili ya wenzake na akarudi. Tarehe 19 wanawanyamazia watu walioingia baharini kwenye tufani kwa ajili ya wengine na hawakurudi. Ujasiri ni mmoja, bahari ni moja, matokeo ni tofauti kabisa. Jumuiya isiyo na ukweli ingebaki na hadithi ya anayerudi peke yake, maana ndiyo inayouza na kufurahisha watoto. Jumuiya iliyokata tamaa ingebaki na ya wasiorudi. Mousehole inashika zote mbili katika juma moja, na kwa kufanya hivyo inawafundisha watoto wake jambo ambalo wahubiri na wanafalsafa hulihangaikia: thamani ya tendo jema haipimwi kwa kufaulu kwake. Tom hakuwa mwema kwa sababu alirudi. Wale wanane hawakushindwa kwa sababu walizama.

Hapa ndipo swali la maana linapopata jibu. Tunapenda kudhani kwamba maana imefichwa ndani ya mambo toka mwanzo, na kazi yetu ni kuitafuta. Balbu za mwaka 1963 hazikuwa na maana hii yote. Zilikuwa balbu za rangi, zilizotundikwa na mtu aliyependa bandari yake ipendeze. Maana iliingia baadaye, kwa sababu watu waliendelea kuzitundika, kisha msiba ukawakuta wakiwa na kitu mikononi. Kama zisingekuwapo, tarehe 19 Desemba ingekumbukwa kwa namna gani? Pengine kwa jiwe la kumbukumbu na ibada, na vitu hivyo ni vyema. Lakini ile saa isingewezekana. Kwenye kijiji kisicho na taa, giza la saa moja lisingesema lolote. Furaha iliyotangulia ndiyo iliyoipa huzuni lugha.

Kwa hiyo nasema, desturi ndogo za furaha tusizione kuwa upuuzi wa wakati wa neema. Ndizo vyombo tunavyoviandaa bila kujua vitabeba nini. Mtu anayedharau maandalizi ya sikukuu kwa hoja kwamba maisha ni magumu hajaona kwamba ugumu wenyewe ndio unaoyahitaji.

Sisi pia tumepoteza wapendwa wetu majini. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa familia. Maji haya hayana tofauti na yale ya Cornwall kwa aliyeachwa ufukweni akisubiri. Nasi tuna Idi na Krismasi, maulidi, ngoma na mashindano ya ngalawa, na kila moja ina watu wachache wanaoibeba: anayekusanya michango, anayefunga nyaya, anayepiga simu kuwakumbusha wenzake.

Ewe msomaji, mtaani kwako ipo desturi ya namna hiyo. Usiwe mgeni wake. Toa mkono wako, na mwaka huu jifunze kazi moja kutoka kwa anayeijua. Na kama ilikufa kwa kukosa watu, ifufueni sasa, kabla ya siku mtakayoihitaji.