Mlango Asioujua Mlinzi

Anayeingia katika chumba cha seva pale kazini kwetu huandika jina lake katika daftari la mlinzi, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Lakini upo mlango wa pili, na huo mlinzi haujui.

Ndani ya seva nyingi mna kidhibiti kidogo, nacho ni kompyuta ndani ya kompyuta, chenye prosesa yake na njia yake ya mtandao. Mwaka 1998 Intel, Hewlett-Packard, NEC na Dell walitangaza kanuni za pamoja za vidhibiti hivyo, zikaitwa IPMI. Hata seva ikizimwa, maadamu waya wa umeme umechomekwa, kidhibiti kinabaki macho. Vingi siku hizi hunionyesha skrini ya seva nikiwa mbali, na kupeleka huko kibodi na kipanya changu. Nikibonyeza herufi nyumbani, seva hudhani nimeketi mbele yake.

Usiku mmoja nilipigiwa simu kwamba mfumo umekwama. Nikaingia kwa njia hiyo. Skrini ilipofunguka nikakuta mwenzangu wa zamu ya mchana ameondoka bila kufunga kazi yake. Alikuwa akihamisha majalada ya ofisi ya utumishi. Mbele yangu palikuwa na tathmini za wafanyakazi, yangu ikiwamo.

Nikaifungua. Nikasoma mistari miwili, kisha nikaifunga.

Ndugu msomaji, utasema mistari miwili si kitu, tena ni habari zangu mwenyewe. Nami nilijiambia hivyo hivyo. Lakini kwa seva, mkono uliofungua jalada lile ulikuwa wa mwenzangu, maana jina lililokuwa wazi ni lake. Kidhibiti kiliandika kwamba nimeingia, nilichokisoma hakikukiandika. Kama jambo lingezuka, angeulizwa yeye, ambaye saa ile alikuwa amelala kwake.

Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alieleza hadharani udhaifu mkubwa wa IPMI, na mafundi tukahimizwa kuvitenga vidhibiti na mtandao wa wazi. Ni ushauri mwema. Ila ukuta humzuia mwizi, nami sikuwa mwizi. Ufunguo nilipewa kwa halali.

Asubuhi nikamweleza mwenzangu yote. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na ya kwangu je, kaka, uliisoma?" Nikamjibu sikuisoma. Ilikuwa kweli, lakini hakuwa na njia ya kuthibitisha, na usoni niliona kwamba analijua hilo.

Tangu siku hiyo, nikiikuta kazi ya mtu iko wazi, kwanza humpigia simu, hata kama ni usiku wa manane. Kuaminiwa si kupewa ufunguo tu. Ni kufanya gizani kile ambacho ungekubali kukiandika katika daftari la mlinzi.