Maji ya Ua

Kakuma, foleni ya bombani huanza alfajiri. Nilikuwa nimetoka Lodwar kumtembelea rafiki, nikamwona mama jirani akirudi na mtungi wake wa lita 20. Akaosha vyombo, kisha maji yaliyobaki akayamwagia waridi la jangwani mlangoni. Nikashindwa kunyamaza: mama, maji yote hayo kwa ua lisiloliwa?

"Mwanangu, binti yangu amezaliwa hapa. Akiulizwa kwao kukoje, awe na la kusema."

Kambi hii ilianzishwa 1992, ikaitwa ya muda. Lakini nani huzaa na kuzeeka kwa muda?

Kule Kyoto, Japani, kuna bustani ya hekalu la Ryoan-ji: mawe 15 na changarawe iliyochorwa mistari kwa reki. Haina hata tone la maji, na watu hulipa kiingilio waitazame. Uwanja wa yule mama nao ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio ikaonekana mchangani. Mimi niliona umaskini tu.

Mtungi aliubeba mwenyewe. Sasa mimi, nani alinipa kazi ya kumpimia maji?