Baraka ya Asubuhi na Haki ya Mwili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeujaalia usiku uwe sitara na mchana uwe wakati wa kutafuta riziki. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baadu. Imepokewa katika khabari za Mtume kwamba aliuombea umati wake baraka katika kuamka kwao mapema, na kwamba alipopeleka jeshi alilipeleka mwanzo wa mchana. Mpokezi wa khabari hii, Sakhr al-Ghamidi, alikuwa mfanya biashara. Akaishika kwa vitendo, akawa akipeleka bidhaa zake asubuhi, na mali yake ikazidi.

Khabari hii wengi wameihifadhi kwa ndimi. Lakini ni wachache waishikao pamoja na ndugu yake, nayo ni kisa cha Salman na Abu Dardai. Salman alikwenda kumzuru Abu Dardai, akamkuta mkewe hajijali kwa mavazi. Alipouliza sababu, akajibiwa yakwamba Abu Dardai hana haja ya dunia. Usiku ulipoingia, Abu Dardai alitaka kusimama kusali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Hata usiku ulipokaribia kwisha, Salman akamwamsha, wakasali pamoja. Kisha akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Basi na ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume, akamsadikisha Salman.

Kwa hivyo asubuhi yenye baraka ni mtoto wa usiku uliopewa haki yake. Mwenye kuutupa usiku asitaraji kuvuna asubuhi.

Mfano wa hayo unaonekana Kalinzi, kijiji cha milimani katika nchi ya Waha, kaskazini ya mji wa Kigoma, juu ya joto la ufuko wa Ziwa Tanganyika. Huko watu hulima kahawa. Asubuhi ya milimani ina baridi, na blanketi huwa tamu; lakini buni zilizoiva hazimngoji mlalaji. Huchumwa kwa mkono, zile nyekundu tu, na hutakiwa ziondolewe maganda siku ile ile. Zikilala hivyo hivyo huchacha, na kazi ya mwaka mzima ikapungua thamani. Mwenye kusali alfajiri kisha akashika kikapu, hupata mchana wa kuchuma na jioni ya kuondoa maganda. Mwenye kurudi kitandani hufukuzana na jua mpaka usiku, asipate kazi wala raha.

Na katika kazi hiyo hiyo mna jambo jingine la kuzingatia. Buni zilizokwisha kuoshwa huanikwa juu ya vichanja zipate jua. Lakini likifika jua kali la mchana, mkulima hodari huzifunika, ganda lisije likapasuka; jua likipoa, huzifunua. Basi hata punje ya kahawa ina kailula yake. Itakuwaje mtu azihurumie punje zake, kisha amwache kibarua wake juani saa ile ile, na kiu imemshika, kwa kuwa atamlipa ujira? Mtume amekataza kuwakalifisha waliowekwa chini ya mikono ya watu kazi wasiyoiweza; na wakikalifishwa, basi wasaidiwe. Na yuko mume ambaye mkewe amekwisha kuchota maji, ameshika jembe na mtoto yu mgongoni, naye angali amekaa akihesabu faida. Huyo na ajihadhari, kwani raha yake ameikata katika mgongo wa mwingine.

Wala asidhani mtu kwamba kila alalaye mchana ni mvivu. Chini ya milima hiyo, wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa kiza usio na mwezi, na taa zao huwavuta dagaa. Kukicha hurudi nchi kavu, na dagaa wakaanikwa. Usiku wao ndio mchana wao. Na Qur'ani, katika Sura ya Rum, imeuhesabu usingizi wa usiku na wa mchana pia kuwa katika ishara za Mwenyezi Mungu. Mvuvi akilala baada ya kazi, yu katika haki yake. Lawama humfika akiiacha alfajiri impite chomboni bila kusali, na hali aweza kusali humo humo kwa kadiri ya uwezo wake.

Lawama iliyo kubwa zaidi ni ya yule wa mjini asiyevua wala asiyelima. Huko Yaman, katika karne ya 15, masufi walikunywa kahawa ili iwaondolee usingizi wakati wa kumdhukuru Mwenyezi Mungu. Leo kahawa hiyo hiyo hunywewa barazani baada ya isha, kikombe juu ya kikombe, kwa bao na masengenyo, hata usiku wa manane. Kisha adhana ya alfajiri humkuta mnywaji amelala kama gogo. Kinywaji kilichowaamsha watu kwa ibada kimekuwa sababu ya kuikosa. Na Mtume alichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake.

Basi mwenye kutaka baraka na aanze usiku. Asali isha, alale; aamke alfajiri, atawadhe, asali, kisha aitafute riziki kungali baridi. Jua likiwa kali apumzike kidogo, na wamfanyiao kazi wapumzike kama yeye; ndipo aiendee adhuhuri na mwili wake una nguvu. Na kabla hajafumba macho ajiulize neno moja: katika waliochoka leo kwa ajili yake, ni nani aliyenyimwa haki yake ya kupumzika? Akimjua, kesho asubuhi aanze kwa huyo.

Mwenyezi Mungu awabarikie Waislamu asubuhi zao, na awape usingizi usio na deni la mtu. Amin. Wabillahi taufiki.