Himaa na Haki ya Ardhi katika Baitulmali

Katika fikihi ya Kiislamu, himaa ni eneo la ardhi ambalo mtawala hulitenga lisimilikiwe na mtu binafsi, ili malisho, miti na maji yake yabaki kwa maslahi ya umma. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliitenga Naqii, karibu na Madina, naye akaifuta desturi ya kijahilia ambayo kwayo wakuu wa makabila walijitwalia malisho bora, akabainisha kwamba himaa haiwi ila ya Allah na Mtume Wake.

Umar bin al-Khattab (r.a.), alipokuwa khalifa, alimweka Hunayy, mtumwa wake aliyeachwa huru, asimamie himaa, na usia aliompa, uliohifadhiwa katika Sahihi ya Imam Bukhari, unastahili kusomwa na kila anayepanga bajeti ya umma. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, awaruhusu kuingia wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, kwa kuwa hao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea, ilhali maskini aliyefilisika atamjia khalifa pamoja na watoto wake, na hapo khalifa hatakuwa na budi kumpa. Na kutoa maji na majani kulikuwa kwepesi kwake kuliko kutoa dhahabu na fedha. Hii ni hesabu ya mtunza hazina aliyejua kwamba ardhi isipotunzwa mapema, baitulmali, yaani hazina ya umma, italipa gharama kubwa zaidi baadaye.

Hesabu hiyo yaihusu kaunti ya Kilifi, katika pwani ya Kenya, moja kwa moja. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420 na uliohifadhiwa kisheria tangu 1943, mikoko ya Mida, na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa 1968, vyote vinalisha watu. Lakini kila ukame unapoyakumba maeneo ya Ganze na Magarini katika kaunti hiyo, fedha za kununulia chakula cha msaada hutafutwa kwa haraka, na ni nadra haraka hiyo kuonekana katika kuwalipa walinzi wa msitu au kuotesha miche. Apandaye mti hupata sadaka kwa kila ndege, mtu au mnyama anayekula katika matunda yake, kama ilivyothibiti katika hadithi. Hata hivyo sadaka ya mtu mmoja haiiondolei dola wajibu wake.

Wala usia wa Umar haumruhusu mwenye kuhifadhi kumsahau anayekata mti ili watoto wake wale. Kule Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo, na sera inayofunga msitu bila kufungua riziki ya namna hiyo huwa imechukua uzio wa himaa na kuacha uadilifu wake.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka dola ifikie angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti, na kifungu cha 201 kinataka mizigo na manufaa ya rasilimali yagawanywe kwa haki baina ya kizazi kilichopo na vijavyo. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Kwa hiyo maimamu, kamati za misikiti na vikundi vya akina mama wana wajibu wa kuhudhuria vikao hivyo na kuuliza, kwa adabu na bila woga, ni kiasi gani kimetengewa msitu, mikoko na udongo. Aidha, swali hilo halina budi kufika kwa wabunge walioko Nairobi, kwa sababu udongo mwekundu ambao mto Sabaki huumwaga baharini Malindi humomonyoka katika miinuko ya bara, mbali na mipaka ya Kilifi, na hakuna kaunti moja iwezayo kuuzuia kwa fedha zake peke yake.